Nondo, vipepeo na DNA isiyo na mdudu

Hapa Moshi, ukitaja DNA kijiweni, mazungumzo yanakimbilia kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na mtoto asiyefanana na baba. Sawa. Ila kipimo hicho hicho kimevuruga ukoo wa wadudu wanaozunguka taa ya barazani kila usiku, na kwangu mimi habari hiyo ni tamu kuliko za ugoni.

Tumezoea kuwagawa hivi: kipepeo ni wa mchana na ana rangi, nondo ni wa usiku na ana vumbi. Jeni hazikubaliani nasi. Vipepeo ni tawi moja tu ndani ya mti mkubwa wa nondo. Katika spishi takriban 160,000 za kundi hili zilizokwisha kupewa majina, vipepeo ni kama 18,000; waliobaki wote ni nondo. Tena kuna familia ya huko Amerika, Hedylidae, wengi wao huruka usiku na rangi yao imefifia kabisa. Ukimwona mmoja utaapa ni nondo, lakini DNA imemweka miongoni mwa vipepeo.

Mwaka 2019 mtafiti wa nondo na vipepeo Akito Kawahara na wenzake walilinganisha jeni 2,098 za spishi 186. Kundi zima likaonekana kuanza takriban miaka milioni 300 iliyopita, na vipepeo kama milioni 98. Kilichonifurahisha zaidi ni masikio. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba nondo waliota masikio kwa sababu ya popo: popo akapiga ukelele wake wa kuwindia, nondo akajifunza kuusikia na kukwepa. Maelezo mazuri, hata mimi niliyapenda. Lakini mti wa jeni unaonyesha baadhi ya nondo walikuwa na masikio mamilioni ya miaka kabla popo hawajaanza kuwinda kwa mwangwi. Basi walikuwa wakisikiliza nini? Pengine adui mwingine anayetambaa majanini. Visukuku vya nondo ni vichache mno, kwa hiyo bila DNA swali lenyewe lisingeulizwa.

Hadi hapo nipo upande wa wenye mashine za kusoma DNA. Ninapoachana nao ni pale wanaposema kipande kimoja cha DNA kinatosha kumtambua mdudu yeyote. Wazo hilo lilipata nguvu mwaka 2003, Paul Hebert wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, alipopendekeza jeni ya COI. Kipande kinachosomwa kina herufi 658 hivi. Ni rahisi na mguu mmoja wa mdudu unatosha. Lakini COI imo kwenye mitokondria, vile vijisehemu vya seli vinavyotengeneza nishati, nayo hurithiwa kwa mama tu. Mzee wa Kibosho ukimuuliza ukoo wa mtu atakuhesabia upande wa baba mpaka kahawa ipoe, upande wa mama akaupitia juu juu. COI nayo inasimulia upande mmoja, ila wake ni wa mama. Zaidi ya hapo, bakteria aitwaye Wolbachia, anayeishi ndani ya wadudu, naye hupita kwa mama, na akienea anaweza kuibeba mitokondria ya aina moja hadi ijae kote, mti ukapinda.

Anayedhani haya ni ya maabara tu aende shamba la mahindi. Viwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, walitoka Amerika, wakaonekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka uliofuata walikuwa Tanzania. Huko kwao wana makundi mawili yasiyotofautishika kwa macho, la mahindi na la mpunga. Afrika, viwavi wengi waliookotwa kwenye mahindi wamekutwa na COI ya kundi la mpunga, huku jeni nyingine, Tpi, ikisema ni wa mahindi. Ukiisoma COI peke yake utampa mkulima wa Hai ushauri wa mdudu mwingine.

Kwa hiyo ninaposikia watu wakitaka mashine mpya tu, nauliza: mdudu mwenyewe yuko wapi? Nani kamchoma pini, nani kaandika alikamatwa mti gani, kimo gani, mwezi gani? Herufi 658 bila kielelezo chenye jina la uhakika hazina mtu wa kuzirudia zikitiliwa shaka. Mswidi Yngve Sjöstedt alizunguka Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906, na shehena ya wadudu ikaenda Sweden. Kipepeo Papilio sjoestedti, ambaye makao yake ni milima yetu hii ya kaskazini, amebeba jina lake. Zaidi ya miaka mia imepita na vielelezo vile bado vinaweza kufunguliwa na kuchunguzwa, ila ukiwa huko.

Sisi tuna pa kuanzia. Tengeru kuna historia ndefu ya kutabiri viwavijeshi kwa kuhesabu nondo walioingia mitegoni. Nondo hao wakishahesabiwa, wachache wachomwe pini na kuandikiwa lebo, mguu mmoja uende kwenye spiriti kwa ajili ya DNA, na mwili ubaki kwenye kabati Arusha. Shuka jeupe na taa kwenye ukingo wa msitu wa Meru, msimu wa mvua, vitaleta wengine kwa usiku mmoja. Gharama kubwa itakuwa mshahara wa mtu wa kulitunza kabati lile dhidi ya sisimizi na ukungu, na hapo ndipo ningependa fedha ziende kwanza.