Ngazi ya Muuguzi na Kiganja cha Mkunga

"Sista, ukitaka kupanda, rudi shule." Wauguzi wa Tanzania huambiana hivyo, na hawakosei. Mwenye cheti ni Muuguzi, mwenye stashahada ni Afisa Muuguzi Msaidizi, mwenye shahada ni Afisa Muuguzi. Kuvuka kada kunataka karatasi.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja ya kweli, maana elimu ya uuguzi haigandi. Mkunga wa zamani alifundishwa kwamba uchungu umekolea mlango wa kizazi ukifunguka sentimita 4, na tangu hapo uongezeke 1 kila saa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisogeza mwanzo huo hadi sentimita 5, likasema pia kwamba wanawake wengi hawaendi kwa kasi hiyo na hawana tatizo. Asiyejiendeleza anaweza kumtundikia mama dripu ya kuongeza uchungu bila sababu.

Lakini sentimita hizo zinapimwa kwa vidole. Ingia leba saa tisa usiku umwone mkunga wa cheti: kiganja juu ya tumbo la mama, macho kwenye saa, anahesabu mikazo kwa dakika 10. Mitatu. Anaandika, anasikiliza moyo wa mtoto, na baada ya nusu saa anarudia. Mapigo yakishuka chini ya 110 kwa dakika na kubaki huko, anamlaza mama ubavu na kumpigia daktari: kilichobadilika, tangu saa ngapi, anachohitaji sasa hivi. Maneno machache, yamepangika. Kujua kusema hivyo usiku, kwa mtu aliyekuzidi cheo, ni ujuzi mkubwa, na siku ya kupandishwa hakuna anayeuuliza.

Muuguzi Mmarekani Patricia Benner alieleza mwaka 1984 hatua 5 za kukomaa kwa muuguzi. Kufika ya tatu tu, alisema, ni miaka 2 au 3 katika kazi ya aina moja. Miaka hiyo huipati kwa ada.

Shahada ibaki na uzito wake. Ila mkunga huyu naye apimwe pale pale kitandani: anavyojaza patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu, anavyokabidhi zamu, anavyoita msaada. Akifaulu, apande cheo na mshahara akiwa leba. Sasa hivi anayepanda mara nyingi huishia ofisini, kwenye ratiba za zamu na ripoti za mwezi, na kile kiganja kinaondoka naye.