Picha na Sauti za Gemu: Hazina Moja na Msimbo, au Flashi?

Anayetengeneza gemu Mtwara kwa bando la simu ana sababu ya msingi ya kuogopa kuweka picha, sauti na maumbo ya 3D kwenye hazina (ghala la mradi linalotunza historia ya mabadiliko) moja na msimbo. Git, programu ya kuendesha hazina kama hiyo iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, hutunza kila toleo la faili, na faili ya sauti au picha iliyokwisha kubanwa haipungui sana kwa kulinganishwa na toleo lake lililotangulia. Faili ya MB 40 ikihaririwa mara 10 inaweza kuibebesha hazina karibu MB 400, na kila anayejiunga na timu kwa kawaida atazishusha zote, hata zilizokwisha kuachwa. GitHub, tovuti ya kuhifadhia hazina za Git, nayo hukataa faili inayozidi MB 100. Kwa hesabu hiyo, flashi inayopelekwa na bodaboda kutoka Mikindani hadi Shangani inaonekana kuwa nafuu.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo inapima megabaiti peke yake. Tuchukue timu inayotengeneza gemu ya mijusi mikubwa ya kale ya Tendaguru, mkoani Lindi, kwa kutumia Unity, injini ya kutengenezea gemu. Kila faili inayoingia kwenye folda ya Assets huundiwa faili ndogo ya .meta yenye namba ya utambulisho, na mradi huitambua picha kwa namba hiyo, si kwa jina. Mchoraji akipeleka ngozi_mjusi.png bila .meta yake, kompyuta ya mwandishi wa msimbo itaipa namba nyingine. Jina ni lile lile na picha ni ile ile, lakini mjusi aliyepambwa vizuri Mikindani anafunguka Shangani akiwa mweupe, hana ngozi. Kosa litatafutwa kwenye msimbo, ambako halipo. Baya zaidi, mwandishi wa msimbo akiirudishia ngozi kwa mkono na kutuma marekebisho, namba yake mpya ndiyo inayoingia kwenye hazina, na sasa mjusi anavuliwa ngozi kwa mchoraji. Na siku timu itakapotaka kurudi kwenye toleo la mwezi uliopita, msimbo utarudi ilhali picha zitabaki za leo.

Hofu ya bando, kwa sehemu kubwa, ilipata jibu mwaka 2015 ilipotolewa Git LFS, nyongeza ya Git kwa ajili ya faili kubwa, ambayo huacha kielekezo kifupi tu kwenye historia na kuishusha faili yenyewe kwa toleo linalohitajika. Mgeni wa timu hushusha MB 40, si 400. Folda ya Library, ambayo Unity huizalisha upya yenyewe, haina haja ya kuingia kabisa. Wachoraji wawili, hata hivyo, hawawezi kuunganishiwa picha moja kama mistari ya msimbo, kwa hiyo kila mmoja aifunge faili, ili mwenzake asiihariri, kabla ya kuigusa.

Wanaopendelea flashi wana haki kamili kuhusu malighafi. Rekodi ya saa nzima ya ngoma ya sindimba, ambayo injini ya gemu haiisomi, inatosha kukaa kwenye diski mbili zilizo katika nyumba mbili tofauti. Sekunde zilizokatwa kutoka humo na kutumika ndani ya gemu ziingie, pamoja na .meta yake, kwenye komiti (mabadiliko yanayohifadhiwa kwa pamoja) ile ile yenye msimbo unaoziita.