Joto la Denmark limezikwa barabarani, letu liko juu ya bati

Kila likizo inazuka hoja ileile: mbona nyumba za kwetu hazina kile kisanduku cha Denmark kinachotoa maji ya moto bila tanki? Mimi nasema tusikinunue. Tuchukue akili yake tu.

Ndani yake mna kibadilisha joto cha sahani, yaani mabati membamba ya chuma cha pua yaliyobanwa pamoja, unene wa kamusi. Upande mmoja yanapita maji ya moto ya mtandao wa mji, yaani mabomba yaliyozikwa barabarani, upande wa pili maji safi ya bomba yanakuja kinyume. Hayagusani, yanapeana joto tu. Huku Denmark maji huingia yakiwa na nyuzi 10 hivi, na kuyafikisha 50 kwa lita 10 kwa dakika kunataka kilowati 28. Mtandao unaziweza. Shawa yetu ya umeme ya kilowati 5.5 haiziwezi: Nairobi, maji yakiingia na nyuzi 20, inakupa lita 4 tu kwa dakika za kuogea. Dar wala hakuna kesi, tanki la juu limeshapashwa na jua.

Kisanduku nacho kina maradhi yake. Maji bombani yakiwa vuguvugu, shika bomba la kurudi mjini. Likiwa la moto, sahani zimeshika chokaa, utando uleule wa birika, na joto linapita bila kushuka. Zungusha maji yenye ndimu ya unga kwa pampu ndogo mpaka mapovu yaishe, kisha suuza. Likiwa baridi, chujio limeziba au vali imekwama. Wengi hubadilisha sahani bure kwa kutolishika bomba hilo.

Kwetu joto linatoka juani, nalo halitoi kilowati 28 kwa mpigo. Paneli ya kupashia maji ya mita 4 za mraba adhuhuri hutoa kilowati 2 hadi 3. Kwa hiyo tanki halikwepeki: lita 200 kwa familia ya watu wanne au watano, na kibadilisha joto kiwe koili, yaani bomba lililozungushwa, ndani yake, ya mita 1 ya mraba hivi. Maji ya kwenye paneli yanazunguka yaleyale, chokaa ikishadondoka mara moja imekwisha. Ukipitisha maji ya kisima moja kwa moja kwenye paneli, ukoko unaongezeka kila siku mpaka mirija inaziba. Pwani, kwenye visima vya chumvi, chuma cha pua hutoboka vitundu. Koili ya shaba ni salama zaidi, na fimbo ya magnesi, inayoliwa na kutu badala ya tanki, ikaguliwe kila mwaka.

Bila pampu, maji yakizunguka yenyewe, kitako cha tanki kiwe sentimita 30 juu ya ncha ya juu ya paneli, la sivyo usiku joto linarudi nje. Mawingu ya Julai yakikaza, washa hita ya umeme maji yafike nyuzi 60 mara moja kwa wiki, maana vuguvugu la kukaa huzalisha bakteria. Na fundi akitaka koili ikae juu ya tanki "ambako maji ni moto", tafuta fundi mwingine. Koili hukaa chini, kwenye maji baridi.