Kuku wa Marietta na mtumbwi wa barabara ya Musoma

Marietta, mji wa jimbo la Georgia ninakoishi, una kuku mwenye kimo cha mita 17. Amesimama pembeni mwa barabara ya Cobb Parkway, macho yanazunguka, mdomo unafunguka na kufumba kutwa nzima, na chini yake watu wanauziwa kuku wa kukaanga. Alijengwa mwaka 1963 kwa mchoro wa mwanafunzi wa usanifu majengo wa Georgia Tech. Mwenye mgahawa hakuwa na habari na sanaa, alitaka tu magari yasimame. Baadaye mgahawa ukawa wa Kentucky Fried Chicken, kuku akabaki palepale. Wenyeji wanamwita Kuku Mkubwa, na ndiye wanayemtumia kuelekezana: ukimpita Kuku Mkubwa, taa za pili, kata kulia. Hata marubani husemwa kuwa humtazama wanapotafuta uwanja wa ndege.

Wamarekani wakinisimulia habari hii hunitazama usoni wakisubiri nishangae. Nacheka kwa adabu. Ila mtu aliyekulia Mwanza, mji ambao nyumba zimekaa juu ya majabali na mgeni huelekezwa kwa mwembe, mashine ya kusaga au duka la mtu aliyehama zamani, atashangaa nini?

Sisi tulikuwa na mtumbwi.

Ulikuwa barabara ya Musoma, ukishaiacha Igoma kuelekea Kisesa, nchi kavu kabisa. Mama mmoja wa Kisukuma aliununua kwa wavuvi ulipochakaa, akaupinduza, akaupandisha juu ya nguzo, ukawa paa la banda lake la chakula. Kwa nini mtumbwi? Ukimuuliza leo atakwambia bati ni ghali. Ukimuuliza kesho, ulikuwa wa marehemu mume wake. Dereva mmoja wa malori aliapa kwamba yeye aliambiwa ni masharti ya mganga. Nadhani mama alikuwa akimpa kila mteja jibu linalomfaa, na biashara ikaenda.

Sato wa kukaanga ndiye aliyetuleta. Sato akiadimika, sangara. Waliolala vibaya walitafutiwa chukuchuku yenye ndimu na pilipili, wakanyamaza, wakatoka jasho, wakapona. Ugali ulikuwa wa muhogo, ule mweusimweusi unaovutika. Wakubwa kwa wadogo tulimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, na yeye alituita wanangu, hata yule mzee wa mnadani aliyemzidi umri. Benchi moja lilikalisha utingo, mwalimu na muuza ng'ombe, na hakuna aliyeuliza kama nafasi ina mtu. Makonda wakakipa kituo jina wenyewe. "Mtumbwini wapo?" "Shusha!" Abiria mmoja mgeni aliwahi kuchungulia dirishani akauliza mbona ziwa halionekani, gari zima likaangua kicheko.

Kwa Kuku Mkubwa ninaagiza nikiwa ndani ya gari, naongea na kipaza sauti, nasogea dirishani, napewa mfuko. Sijui ni nani anayekaanga wala yeye hanijui. Chakula kina ladha ileile Jumatatu na Jumamosi, jambo ambalo wengine wanalisifu. Lakini nisiwe mnafiki. Georgia kila mgahawa lazima utundike ukutani alama ulizopewa na wakaguzi wa afya, na mimi huzisoma kabla ya kuangalia bei. Mtumbwini tulinawa kwa maji ya ndoo, sahani zikasuuzwa kwenye beseni moja asubuhi hadi jioni, na habari za choo naomba tuziache. Wenzangu wa huku wanaodai kila kitu cha nyumbani kilikuwa kitamu wamesahau kuhara.

Kinachoniuma ni kingine. Mwaka 1993 dhoruba ilimharibu vibaya yule kuku, ikafikiriwa kumbomoa moja kwa moja. Watu wakapiga kelele. Si wanahistoria, ni watu wa kawaida waliozoea kukata kulia pale. Kampuni ikamjenga upya, na mwaka 2017 mgahawa ukakarabatiwa tena kwa fedha nyingi. Kuku wa bati! Angekuwa kwetu tungesema ni uchafu wa mji.

Mtumbwi wetu ulichorwa X nyekundu, alama ya kubomolewa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu, ikafika mita 30 kila upande kutoka katikati, na nguzo za Mayu zilikuwa ndani ya hizo mita. Sibishani na hilo. Malori yanapita kasi, watoto wanavuka, barabara inahitaji nafasi yake. Lakini mtumbwi, jamani, ni kitu kilichoumbwa kusogezwa. Kila alfajiri pale Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, wanaume wanaipandisha mitumbwi mchangani kwa wimbo na mabega. Kuurudisha ule nyuma hatua chache ingekuwa kazi ya asubuhi moja na soda za kuwapoza waliobeba. Hakuna aliyefikiria, sisi wateja tukiwemo. Ulipasuliwa, ukawa kuni. Mayu akahamia uani kwa ndugu yake, na nasikia makonda bado wanaita Mtumbwini, na wageni bado wanauliza ziwa liko wapi.

Tumezoeshwa kwamba kitu cha kutunzwa ni cha kale au ni cha jiwe. Pale ziwani kuna jabali tunalipiga picha na kulipeleka kwenye kalenda, nalo linaitwa kwa jina la Bismarck, chansela wa Ujerumani ambaye hakuwahi hata kukanyaga Afrika. Huyo anatunzwa. Aliyelisha nusu ya wasafiri wa barabara ya Musoma hana hata kibao.

Najua nitaambiwa Mayu hakuwa na karatasi. Kweli. Mwisho wa mwaka 2018 vilitolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na wengi walifurahi kwa haki, maana usumbufu ulipungua. Ila kile kitambulisho kilimtambua mtu, hakikutambua mahali. Kilimruhusu kuuza bila kusema atauzia wapi, na mwaka 2021 wamachinga walipoondolewa barabarani mijini, Mwanza ikiwemo, wengi walikuwa wamekishika mkononi. Kuku wa Marietta ana kiwanja. Tofauti kubwa iko hapo, kuliko kwenye mapenzi ya Wamarekani kwa kuku.

Na jambo hili halijapita. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji ya Ziwa Victoria, palipokuwa pakivukwa kwa kivuko, na mimi ni mmoja wa waliolishangilia, kwa sababu nimewahi kukaa kwenye foleni ya kile kivuko na mgonjwa ndani ya gari. Dakika chache sasa uko ng'ambo. Lakini foleni ile ndiyo iliyokuwa soko la kina mama wa samaki wa kukaanga, mayai na mahindi, wa Kigongo na wa Busisi. Magari hayasimami tena. Ningekuwa na sauti kwenye halmashauri za pande zote mbili ningeomba kiwanja kimoja kila upande wa daraja, chenye hati, maegesho ya malori, maji ya bomba na choo ambacho hatutaogopa kukitaja, na wa kwanza kupewa nafasi wawe wale wale wa foleni ya kivuko. Halafu kila mmoja aachwe aezeke banda lake kwa anachotaka. Mitumbwi iliyochakaa ipo tele.