Ratiba Ukutani, Mama Mkwe Kochini

Kuna mtu humu ndani ametoa betri za rimoti akazitia kwenye saa ya ukutani. Simtaji. Ni mgeni wetu, ni mtu mzima, na ndiye aliyemzaa mke wangu.

Mimi ni mtu wa mipango. Kombe la Dunia 2026 linaanza tarehe 11 Juni Mexico City na kuisha 19 Julai kule New Jersey, kwa hiyo ratiba nimeichora mwenyewe kwa rula na kalamu za rangi, nikaibandika sebuleni kwa heshima zote. Kazini nimeomba likizo, nimejibiwa "tutaona". Watoto nimewaambia waniage mapema.

Mama mkwe akavaa miwani.

"Baba, timu ngapi hizi?"

"48, mama."

"Na mechi?"

"104."

Akanyamaza, ule unyamavu wa mtu aliyeshika hazina ya chama miaka mingi.

"Za makundi peke yake?"

"72."

"Wanatolewa wangapi?"

Nikakohoa. Nikaanza kueleza kwamba makundi ni 12, wawili wa juu wanapita, halafu wanaongezwa washindi wa tatu bora wanane...

"Nimeuliza wanaotolewa."

"16, mama."

Akavua miwani. "Yaani watu wakimbizane mechi 72 ili warudi kwao 16? Na zamani?"

Hapo ningeweza kudanganya, ila yule hadanganyiki. Qatar 2022, hatua ya makundi ilikuwa na mechi 48, na waliotolewa walikuwa 16. 16 vilevile!

"Sasa hizi 24 za nyongeza zinamtoa nani?"

Nikajinyoosha, nikarekebisha kola, nikahutubia kuhusu maendeleo ya soka na mataifa madogo kupata nafasi, Cape Verde na Curaçao wanaoshiriki kwa mara ya kwanza. "Hao wamefanya vizuri, wasalimie," akasema. "Zinamtoa nani?"

Hazimtoi mtu! Zinanitoa mimi! Zinanitoa usingizi, zinanitoa kazini, na kinachoniuma ni kwamba nitazitazama zote, na waliozipanga wanajua nitazitazama. Tena kila kipindi mpira utasimama dakika tatu wachezaji wanywe maji. Mimi ninayekesha, nani amenisimamishia chochote?

Na hapo bado. Wimbledon, ile ya tenisi, inaanza 29 Juni, timu 32 zikiwa ndiyo kwanza zimeingia mtoano. Tarehe 4 Julai waendesha baiskeli wa Tour de France wanaondoka, na wanaondokea Barcelona. Mama mkwe alipoisoma hiyo hakusema neno, alirudisha miwani usoni tu. Tarehe 23 Julai Michezo ya Jumuiya ya Madola, Glasgow, siku nne baada ya fainali, yaani hata shuka mtu hajafua.

Agosti ni riadha ya Ulaya, Birmingham. Huko kuna matembezi ya kasi: watu wazima na akili zao wanatembea umbali wa marathoni, marufuku kukimbia, huku waamuzi wanawachungulia magoti kama yamenyooka. Nilitaka kuyafuta kwenye ratiba nipate pa kupumulia. Nikakuta yamezungushiwa duara kwa kalamu yangu nyekundu.

Anasema wale wamelelewa.