Ufa Wenye Vidole Vitano

Bati likidondokewa na spana linabonyea, kila mtu anaona. Paneli ya nyuzi za kaboni, yaani tabaka za nyuzi zilizoshikanishwa kwa resini, gundi ngumu ya plastiki, haina ushahidi huo. Juu inang'aa vilevile, labda na kibonyeo kisichofika nusu milimita. Ndani tabaka zimeachana, na kadiri unavyoelekea upande wa nyuma ndivyo uharibifu unavyotanuka. Ndiyo maana tunaitikisa. Nyuso za nyufa zinasuguana, msuguano unazaa joto, kamera ya joto inaliona. Mahali pazima panabaki baridi. Kwa nadharia.

Siku ya wageni bosi alitaka waone hayo kwa macho yao. Paneli ilikuwa ya milimita 150 kwa 100, unene 4, imedondoshewa uzito wa kilo 5.5 kutoka nusu mita, nishati ya juli 27 hivi. Kichwa cha uzito huo ni nusu tufe ya chuma, kipenyo milimita 16. Kazi ya kutikisa ilikuwa ya mashine iliyoundwa kwa ajili ya kuunganisha plastiki: mitetemo 20,000 kwa sekunde, kilowati 2, ncha ya titani. Mkupuo mmoja hauzidi sekunde.

Kabla sijabonyeza swichi, mgeni mkuu akasogea, akaweka kiganja katikati ya paneli na kukituliza hapo.

"Mbona nzima hii?"

"Subiri uone, Mheshimiwa." Bosi akanigeukia. "Kijana, piga!"

Nikapiga. Doa kubwa jeupe likatokea kwenye skrini, makofi yakalia. Bosi akanyoosha kalamu: "Hapo ndipo ilipoumia."

Mheshimiwa akainamisha kichwa upande. "Kumbe ufa una vidole?"

Kamera ile inatambua tofauti ya sehemu mbili za mia za digrii. Joto la ufa mara nyingi halifiki hata digrii nzima, na kiganja cha mtu kinalifunika bila jasho. Bosi, ambaye kazi anaijua, akasema nitoe, kama kwenye hesabu za kutoa, picha ya kabla. Ndiyo dawa yenyewe: kila picha inatolewa ile iliyopigwa kabla ya mtetemo, na joto lililokuwepo tangu mwanzo linajifuta. Ila alama ya kiganja ilikuwa inapoa huku tukirekodi, kwa hiyo baada ya kutoa ikashuka chini ya sifuri. Ukarudi mkono uleule, safari hii mweusi tii. Nyuma huko mtu akasema "Salaale!"

"Paneli inacheza," bosi akaamua. "Ondoa hizo koki, kaza klampu."

Koki ni vipande vya gome laini, kama la vizibo vya chupa, tunavyoweka kwenye meno ya klampu, na havipo pale kwa urembo. Chuma kikishika kaboni moja kwa moja, nacho kinasugua, nacho kinapata joto. Halafu ncha ya titani haijagandishwa kwenye paneli. Inasukumwa na springi tu, kwa hiyo inagonga na kuruka, inagonga na kuruka, na ule mtetemo ambao sikio halisikii unazaa mingine kibao inayosikika vizuri sana. Kati ya ncha na paneli inatakiwa kadi nyembamba au utepe, ubadilishwe ukianza kuungua. Bila hivyo ncha inaweza kubabua resini, mkajikuta mnagundua uharibifu mlioutengeneza wenyewe asubuhi hiyo.

Kadi yetu ilikuwa imedondoka klampu zilipofunguliwa. Mashine ikapiga yowe kama nguruwe aliyekanyagwa mguu. Viziba masikio vilikuwa jozi mbili, ya bosi na yangu. Wageni walitumia viganja. Paneli ikatambaa kwenye klampu, ikachomoka, ikatua kwenye mapaja ya mhasibu.

Picha, hata hivyo, ilikuwa imeshanaswa. Meno manne ya klampu yanawaka. Mguso wa ncha unawaka. Na pembeni, mstatili mzuri umewaka kuliko vyote: lebo ya karatasi, maana gundi laini ikitikiswa inapata joto kwa fujo. Lebo iliandikwa IMEKAGULIWA – NZIMA. Palipogongwa hapakuwa na kitu.

Hilo la mwisho ndilo linalowapoteza wengi. Paneli ikitetemeka, kuna sehemu zinazorukaruka na kuna zinazotulia tuli. Ufa ukiangukia palipotulia, nyuso zake hazisuguani, hata uongeze nguvu mpaka taa zififie. Usiongeze nguvu, hamisha ncha. Tukaisogeza sentimita 3, tukarudisha koki na kadi mpya, tukabandua lebo. Paneli tukaigeuza ili kamera itazame mgongo wake, kwa sababu joto hukimbia kufuata nyuzi lakini huvuka tabaka kwa kujikokota. Ukitazama mbele, doa la ndani linachelewa na kufika limefifia. Kisha tukasubiri dakika kadhaa kila kitu kipoe, mikono yote ikiwa mifukoni kwa amri ya bosi.

Mkupuo. Doa dogo refu likawaka, limelala kufuata uelekeo wa nyuzi za tabaka la mwisho. Safi, halina vidole. Mheshimiwa akafurahi kweli, akaisogelea paneli.

"Hapa hasa?" akauliza, na kabla mtu hajafungua mdomo, akabandika kidole.

Bosi akafumba macho. "Kijana," akasema polepole, "umeshahifadhi?"