Mashine ina mgeni rasmi, kipima unyevu hakina

Msimu wa picha umerudi. Kila ukifungua simu unakutana na mgeni rasmi, mkasi, utepe, na nyuma yake mashine ya kukamulia ufuta ambayo hata nailoni haijatolewa. Risala imesomwa, ngoma imechezwa, soda zimenyweka. Apite mtu palepale mwakani aangalie. Mara nyingi atakuta turubai, chini ya turubai mashine, na juu yake kuku. Kisha kwenye kikao fulani mtaalamu atasimama aseme tatizo la watu wa kusini ni elimu ya ujasiriamali. Mkulima aliyelima, akapalilia, akakata, akasimamisha matita ya ufuta na kuukung'uta kwa mikono yake, eti anahitaji semina ya siku mbili. Posho ya mtoa mada haikosekani.

Kinachoiua mashine ile ni unyevu. Ukitaka kutoa chochote ndani ya chochote, mafuta kwenye punje, kiini kwenye ganda, hata gesi kwenye mwamba, kazi kubwa ni ya kuiandaa mali kabla nguvu haijatumika, na katika maandalizi hayo maji ndiyo yanayoamua. Hakuna aliyewahi kukata utepe wa kipima unyevu. Ni kidude cha kushika mkononi, kwenye picha hakionekani.

Tuanze na ufuta wenyewe, kwa kuwa Lindi tunajisifu nao. Karibu nusu ya uzito wa punje ni mafuta. Mashine ya skrubu inauhitaji ukiwa na unyevu wa takribani asilimia 6. Ukiupeleka una asilimia 9 au 10, punje zinageuka donge laini linalozunguka pamoja na skrubu badala ya kusukumwa mbele. Shinikizo halijengeki. Mashudu, yale makapi ya ufuta uliokamuliwa, yanatoka yanang'aa kwa mafuta, na mafuta yenyewe yanatoka kama tope. Ukiupeleka umekaushwa mpaka asilimia 3, mashudu yanatoka vumbi, silinda inachemka, mafuta yanakuwa meusi na machungu, na mota inazima. Mwendeshaji ambaye hajaambiwa haya atafanya anachokijua, atakaza nati ya mbele. Skrubu inakwama, fundi anaitwa kutoka mjini, na turubai linaanza kutafutwa.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua kilo 100 za ufuta zenye kilo 50 za mafuta. Mashudu yakibaki na mafuta asilimia 10, umetoa kilo 44 na ushee. Yakibaki na asilimia 20, umetoa 37 na nusu. Kilo saba kwa kila kilo mia zimeenda kwa kuku, wale wale watakaokuja kulala juu ya mashine. Na dawa yake haina gharama. Ufuta uliokauka kupita kiasi, wenye asilimia 4, unanyunyiziwa lita mbili za maji kwa kilo 100, unageuzwa vizuri, unafunikwa mpaka kesho ili maji yaingie hadi kati ya punje. Wenye maji mengi unarudishwa juani, juu ya turubai, kwa tabaka jembamba. Lakini utanyunyizia nini, na utaanika mpaka lini, kama hujui ulipo?

La pili ni mchanga. Ufuta mwingi unakung'utiwa chini, kwa hiyo unakuja na mchanga wake. Punje ya ufuta na chembe ya mchanga zinakaribiana uzito, upepo wa ungo hauzitenganishi vizuri. Zinahitajika chekeche mbili: ya juu inapitisha ufuta na kubakiza vijiti, ya chini inabakiza ufuta na kupitisha mchanga. Bila hivyo mchanga unaila skrubu taratibu, nafasi kati ya skrubu na silinda inapanuka, na shinikizo linapungua wiki hadi wiki. Watu wanasema mashine ya Kichina mbovu. Mashine ya Kichina imetafunishwa mchanga wa Nachingwea kwa miezi mitatu, ilitakiwa ifanye nini?

Mengine kwa kifupi. Asubuhi silinda inapashwa kwa kupitisha mashudu ya jana kwa dakika ishirini hivi, ndipo ufuta mpya unafuata. Mafuta yanatulia kwenye pipa lenye mfuniko siku mbili tatu, bomba la kuchotea likiwa juu ya sakafu ya pipa ili masimbi yabaki. Yanachujwa kwa kitambaa kizito. Na tafadhali msiyapange kwenye chupa za maji zilizo wazi kando ya barabara juani, halafu mkashangaa mteja akirudi na kusema yananuka.

Sasa korosho, ambako hasara ni kubwa zaidi na kelele ni nyingi zaidi. Kila mwanasiasa anayepanda jukwaani kuanzia Oktoba anatuambia tubangue, tuache kusafirisha korosho ghafi kwenda India na Vietnam. Sawa. Nani anapinga? Ila anasema "kubangua" kana kwamba ni kupasua.

Korosho iliyoanguka yenyewe na kutenganishwa na bibo inaanikwa siku mbili hadi tatu mpaka ifike unyevu wa asilimia 8 hadi 10. Ukiikandamiza kwa ukucha isibonyee, ukiitikisa kiini kigonge. Hapo ndipo inaingia ghalani. Kangomba, mlanguzi wa vijijini, ndiye anayeharibu mwanzo wa mnyororo huu kuliko wadudu wote: ananunua mapema, kwa kipimo cha bakuli, na bakuli halijali kama korosho ni mbichi au kavu. Mali hiyo ikichanganywa na safi kwenye gunia moja, joto linapanda, ukungu unaingia, na kiini kinapata madoa ambayo hakuna mashine duniani inayoyaondoa. Kwenye kupima ubora korosho zinakatwa, viini vyema vinapimwa, na matokeo yanaandikwa kwa ratili za kiini kwa kila kilo 80. Mzigo wa 50 na mzigo wa 44 ukiwa nje unafanana kabisa.

Kiwandani korosho zinachekechwa kwanza kwa ukubwa, kwa kuwa visu vinategwa kwa saizi. Ukipitisha kubwa kwenye kisu cha ndogo, umekata kiini. Kisha mvuke, shinikizo la bari 7 hivi, dakika kumi hadi ishirini kulingana na ukubwa. Ganda linakuwa gumu na la kuvunjika, kiini kinajiachia kidogo. Halafu inakuja hatua ambayo wenye haraka wanairuka: kupumzisha. Saa 12 mpaka 24, zimetandazwa, zipoe na kukauka. Ukikata za moto, ganda linanesa kama mpira, mafuta yake yanakirukia kiini, na kiini laini kinagawanyika. Mkurugenzi anayedai tani nyingi kwa siku anauona usiku huo kama uzembe.

Baada ya kukata, kiini na ganda lake jembamba vinaingia kwenye kikaushio, nyuzi 70 kwa saa sita hadi nane, mpaka unyevu ushuke kwenye asilimia 3 au 4. Ukipungukiwa muda, ganda jembamba haliachii, kinamama wanalikwangua kwa kisu, kiini kinachubuka na daraja linashuka. Ukizidisha, kinavunjika kikiguswa tu. Ndiyo maana kabla ya kufungasha kinarudishiwa unyevu kidogo, hadi karibu asilimia 5. Kukausha, kisha kulowesha kidogo: mtu asiye na kipimo anafanyaje hilo? Kwa macho? Soko linahesabu viini vizima kwa ratili. Daraja la W320 maana yake ni viini vizima takribani 320 kwa ratili moja, na ukikileta vipande unalipwa bei ya vipande.

Kwa kilo 100 za korosho ghafi unategemea kiini kilo 22 hadi 25. Ganda ni kama kilo 70. Ganda hilo lina mafuta yanayounguza ngozi, ndiyo maana wanaobangua kwa mkono wanajipaka majivu au mafuta ya nyonyo na bado vidole vinabambuka. Ukiyakamua maganda hayo kwa skrubu unapata mafuta karibu moja ya tano ya uzito wake. Viwandani mafuta hayo hutengenezewa rangi, gundi na breki za magari. Sisi maganda tunayachoma kwenye boila yakiwa na mafuta yake yote, moshi mweusi unaingia nyumba za majirani, na tunaita hiyo teknolojia ya kuokoa kuni.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mashine zinahitajika. Mkono ni wa polepole na unaumiza. Nakubali pia kwamba hata kipimo kikiwepo, mbanguaji mdogo anakabiliwa na jambo jingine: korosho zote zinauzwa ndani ya miezi michache, na yeye anatakiwa anunue ya mwaka mzima kwa fedha ya siku hizo hizo, akishindana mnadani na mnunuzi mwenye meli. Mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia kumi ya mapato yake, haifiki huko.

Lakini tulishawahi kuzipata mashine, tena kubwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi hii ilijengewa viwanda 12 vya korosho, vingi vya mitambo ya kisasa ya wakati huo. Uzalishaji uliokuwa zaidi ya tani 140,000 msimu wa 1973/74 ukaporomoka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Vijiji vilihamishwa, mikorosho ikaachwa porini, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ukaingia. Mitambo mingine haikuwahi kushiba. Utepe ulikatwa pia, msidhani.

Mtu akiniambia haya ya unyevu ni maringo ya wataalamu, namwomba atazame Madimba, kwenye mtambo wa kusafisha gesi asilia kule Mtwara. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Inapanda kisimani kwa shinikizo lake yenyewe, haihitaji kukamuliwa. Pamoja na hayo haiingizwi moja kwa moja kwenye bomba la inchi 36 la kwenda Dar es Salaam. Inapita kwanza mtamboni ikaondolewe maji, kwa sababu maji na gesi chini ya shinikizo kubwa huungana kuwa vipande kama barafu, hata joto likiwa halijafika sifuri, na vipande hivyo huziba bomba. Na huo mradi wa Likong'o, Lindi, wa kugeuza gesi kuwa kimiminika, siku utakapoacha kuwa hotuba, gesi itapozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Maji yaliyobaki humo, hata kiasi kidogo mno, yangeganda kwenye mirija kabla gesi haijawa kimiminika. Kwa hiyo kwenye mali ya mabilioni kipimo kinatangulia. Kwenye mali ya kikundi cha akina mama, wabahatishe.

Wenye mashamba ya chumvi hawana haja ya kuhubiriwa. Maji ya bahari yakifika nyuzi 25 za Bomé, kipimo cha ukolezi wa chumvi majini, chumvi inaanza kudondoka, yakikaribia 30 unayamwaga, la sivyo magnesi inaingia na chumvi inakuwa chungu na yenye kulowana. Kinywe (grafiti) cha Ruangwa nacho kina lake: ukisaga kupita kiasi unavunja vigamba vikubwa, na bei iko kwenye vigamba vikubwa. Daktari wa meno asiyesubiri ganzi ishike mnamjua.

Hata mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, hapa Lindi. Wajerumani walichimba pale kati ya 1909 na 1913, wakaondoka na takribani tani 250. Tunalalamika kuhusu kuondoka kwake, na tuna haki ya kulalamika, maana yule mjusi mkubwa amesimama Berlin akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu na tiketi zinakatwa kule. Lakini ilitolewaje bila kusagika? Wachimbaji walikuwa watu wa huku, wasimamizi wao wakiongozwa na Boheti bin Amrani. Mifupa ilifungwa kwa plasta na kwa mianzi, kisha wapagazi wakaibeba mwendo wa siku nne hadi bandari ya Lindi. Huo ulikuwa ufundi wa kusini kwenye maandalizi, miaka zaidi ya mia iliyopita. Hauonekani kwenye picha nao.

Kwa kikundi ambacho kimeshapokea mashine na kinasubiri kipimo kisichokuja, kuna njia. Twanga kidogo ufuta wa mzigo wenu, pimeni gramu 10 kwenye mzani unaosoma sehemu za gramu, wekeni kwenye oveni ya nyuzi 103 mpaka uzito usishuke tena, kama saa tatu. Zikibaki gramu 9.4, unyevu ni asilimia 6, kamueni. Zikibaki 9.0, anikeni. Oveni ya mkate haifai, joto lake halitulii. Ile njia ya kutikisa punje na chumvi kavu kwenye chupa, mnayofundishwa kwa mahindi, haifai pia, inakuambia tu kama umevuka asilimia 15, na ufuta wa asilimia 15 umeshaoza. Mzani na oveni vinaweza kuwa kwenye maabara ya sekondari ya kata, ile tuliyochangishwa kuijenga. Mwulizeni mwalimu wa kemia, na mwendeeni asubuhi kabla ya vipindi.